Kutoka Kubeba Ndoo Hadi Kuandikwa Jina: Mwongozo Kamili kwa Mwanasayansi Kijana wa Lamu

Ukikaa kwenye jeti ya Lamu asubuhi maji yakiwa yamejaa, hukosi kuiona boti ya watafiti ikijiandaa kuondoka. Nahodha ni mtu wa Shela au Matondoni. Anayebeba ndoo za sampuli ni kijana wa Langoni aliyemaliza kidato cha nne. Ajuaye mkondo upi una mikoko mizee na upi ulikwisha kukatwa ni huyo huyo kijana, kwa kuwa babake alikuwa mkata boriti. Baada ya mwaka mmoja au miwili makala inatoka. Ina majina sita, na la kijana halimo.

Mara nyingine kijana huyo ni msichana. Nilikuwa mimi. Nilibeba ndoo miaka mitatu kabla ya kupata shahada ya kwanza, kisha ya uzamili, na leo nafanya utafiti wa mikoko na samaki wachanga wanaokulia ndani yake. Njiani nimewaona wenzangu wengi, wengine wenye akili kunishinda, wakirudi nyumbani. Hakuna aliyerudi kwa sababu sayansi ilimshinda. Walirudi kwa sababu kazi waliyoifanya haikuandikwa popote, na mtu asiyeandikwa hana cha kuonyesha anapogonga mlango unaofuata. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na elimu ya mtu ni mali. Ndiyo maana karibu kila hatua ninayoieleza hapa inaishia kwenye karatasi.

Hatua ya kwanza: Tenga mzigo wako na mzigo wa mfumo

Chukua karatasi, ikunje katikati. Upande wa kushoto andika yaliyo mikononi mwako: hesabu inakusumbua, unaogopa kuzungumza mbele ya watu, unachelewesha maombi hadi siku ya mwisho, Kiingereza chako cha kuandika kina makosa. Upande wa kulia andika yaliyowekwa na wengine: maabara kubwa za karibu ziko Kilifi na Mombasa, na kutoka Mokowe kwa basi siku nzima inakwisha njiani, mafunzo ya kazini hayalipwi, tangazo la kazi linatoka mtandaoni Ijumaa na kufungwa Jumatano, nawe uko Kiunga ambako mtandao unakuja na kuondoka.

Fanya hivi kwa makini, kwa sababu watu wengi huzichanganya pande hizi mbili. Mmoja anakosa nafasi kwa kuwa hakuwa na nauli ya kufika kwenye mahojiano, halafu anajiambia yeye si mtu wa sayansi. Mwingine anakosa kwa kuwa hakusoma maagizo ya fomu, halafu anasema ni upendeleo. Wa kwanza amejibebesha kosa lisilo lake, wa pili amelikimbia lake, na wote wawili hawatajua la kurekebisha mwaka ujao. Ya kushoto yanatibiwa kwa mazoezi. Ya kulia yanahitaji hati, sheria na watu.

Kwa upande wa kushoto nitataja dawa moja tu iliyonifaa. Kabla sijaandika jambo lolote kwa Kiingereza, namweleza shangazi yangu kwa Kiswahili. Nikishindwa kumweleza kwa nini tunahesabu miche ya mkandaa, aina mojawapo ya mikoko, najua tatizo langu si lugha, bado sijaelewa. Nikimweleza naye akaniuliza swali la maana, narudi mezani na sentensi fupi fupi, kila moja ikibeba jambo moja. Makala ya sayansi haitaki Kiingereza cha mbwembwe. Na woga wa kuzungumza nao hupungua kwa njia hiyo hiyo: anza na watu watano barazani, kisha darasa moja la shule uliyosomea, kisha mkutano wa kijiji wa wavuvi. Ukifika kwenye ukumbi wa chuo kikuu, wavuvi watakuwa wamekwisha kukuuliza maswali magumu zaidi.

Hatua ya pili: Jina moja, herufi zile zile

Hili linaonekana dogo hadi likukwamishe. Majina yetu ya pwani huandikwa kwa namna nyingi: Athman, Athumani, Othman, Khadija, Hadija, Khadijah, Mohamed kwa m moja au mbili. Cheti cha kuzaliwa kinasema hivi, cheti cha KCSE, mtihani wa kidato cha nne, kinasema vile, kitambulisho kina la tatu, na mfadhili wa masomo aliye ng'ambo anaona watu watatu.

Zitandaze hati zako zote mkekani leo na uzisome herufi kwa herufi. Kama hujafanya mtihani wa kidato cha nne, nenda kwa mwalimu anayesajili watahiniwa ulikague jina lako kabla halijatumwa. Baada ya hapo marekebisho huwa safari ndefu. Kama umekwisha kufanya, uliza utaratibu wa Baraza la Mitihani wa kusahihisha jina, na wakati huo huo kaape mbele ya wakili kwamba majina hayo yote ni ya mtu mmoja. Kiapo hicho kipige nakala kadhaa.

Kitambulisho kifuatilie wiki ile ile unayotimiza miaka 18. Vijana wa Kibajuni wa Faza, Kizingitini na Kiunga wanajua ninachosema: kwa miaka mingi wengi wao walisimamishwa mbele ya kamati na kutakiwa wathibitishe Ukenya wao kwa hati za wazazi hadi za babu, jambo ambalo kijana wa sehemu nyingi za bara halijui. Ni dhuluma, na inaangukia upande wa kulia wa karatasi yako. Lakini bila kitambulisho huombi mkopo wa masomo wala husaini mkataba wa kazi. Kwa hiyo kusanya mapema vyeti vya wazazi na nakala za vitambulisho vyao, na kila unapowasilisha kitu omba stakabadhi uandike tarehe.

Ukishalituliza jina, jisajili ORCID, daftari la mtandaoni la watafiti wa dunia nzima. Ni bure, unaweza kufanya kwa simu, na utapewa namba ya tarakimu 16 itakayokufuata maisha yako yote ya utafiti. Hata akitokea mtafiti mwingine mwenye jina kama lako, na pwani hii hawakosi, kazi zenu hazitachanganyika.

Hatua ya tatu: Usiifunge njia kwa alama moja

Kuingia shahada kupitia KUCCPS, taasisi ya serikali inayowapangia wanafunzi vyuo, kunahitaji angalau C+ kwenye KCSE, pamoja na alama za masomo ya kundi husika. Aliyepata C- anaweza kuingia stashahada, na mwenye stashahada nzuri anaweza kuendelea na shahada baadaye. Ninawajua watu walioanzia stashahada ya uvuvi au ya teknolojia ya maabara, wakaingia chuo kikuu wakiwa na mikono inayojua kazi kuliko waliotoka moja kwa moja shuleni. Mkopo wa HELB, bodi ya serikali ya mikopo ya masomo, nao huwafikia wanafunzi wa vyuo vya kiufundi, si wa vyuo vikuu peke yao.

Kwa wasichana neno moja: usikubali kuiacha fizikia kwa sababu mtu amekuambia ni somo la wavulana. Ukiiacha kidato cha tatu, milango inayofungwa huioni mpaka miaka mitatu baadaye.

Hatua ya nne: Anza kuandika ukiwa bado unabeba ndoo

Lamu ina zaidi ya nusu ya mikoko yote ya Kenya. Wazee wetu wameigawa miti hiyo kwa unene tangu zamani, fito, pau, mazio, boriti, nguzo, na majina hayo hayo utayakuta ndani ya makala za wanasayansi na hesabu za misitu, kwa sababu ni madaraja ya kipenyo yanayofaa kwa kazi. Maarifa haya unayo tayari. Kinachokosekana ni kuyaandika kwa namna ambayo mtu mwingine anaweza kuyarudia.

Nitakuonyesha kwa karibu. Umesimama matopeni, una utepe wa kupimia. Kipenyo cha mti kwa kawaida hupimwa kwenye urefu wa mita 1.3 kutoka chini. Lakini mkoko wenyewe, ule wenye mizizi iliyoinama kama miguu ya kaa, hauna shina pale chini. Una mizizi tu. Huo hupimwa sentimita 30 juu ya mzizi wa juu kabisa. Sasa, ukiandika "mkoko, sentimita 9" na kuishia hapo, umefanya kazi ya kibarua. Ukiandika tarehe, saa, mkondo, alama ya GPS kutoka kwenye simu yako, kama ni bamvua au maji mafu, jina la mti kwa Kiswahili na la kisayansi, kipenyo, mahali pa shina ulipopimia, na kwamba mti wa jirani umekatwa karibuni kwa shoka, hapo umeandika sayansi. Miaka miwili baadaye unaweza kurudi kwenye mti ule ule.

Tumia penseli. Daftari langu la kwanza niliandika kwa kalamu ya wino, na siku mashua ilipoingia maji pale Mkanda kurasa 14 zikawa rangi ya samawati tupu. Wiki mbili za kazi zilikwenda. Tangu siku ile naandika kwa penseli, na kila jioni kabla ya kula napiga picha kurasa za siku hiyo na kujitumia kwa barua pepe. Bando dogo linatosha.

Kando ya daftari la data weka la pili, la kazi zako. Kila Ijumaa andika mistari mitatu: nimefanya nini, nimejifunza chombo gani, nani aliniona nikifanya. Utakapoandika wasifukazi au barua ya maombi hutakuwa unakuna kichwa. Utaandika "nimepima viwanja 42 vya mikoko kwa miezi minane" mahali ambapo wenzako wataandika "nina ari ya kazi".

Hatua ya tano: Mazungumzo ya majina yafanyike kabla ya boti kung'oa nanga

Hapa ndipo nilipoumia, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Kwa miezi 11 nilikusanya data kwa ajili ya mtafiti mmoja kutoka mbali. Nilichagua maeneo, nikarekebisha fomu yake kwa kuwa alichanganya mchu na mlilana, aina mbili tofauti za mikoko, nikawahoji wakataji kwa Kiamu na kutafsiri. Makala ilipotoka niliiona kwa bahati, nimetumiwa na rafiki. Mwishoni iliwashukuru "wasaidizi wa nyanjani". Nililia, kisha nikakasirika, na miaka ikapita kabla sijaelewa kwamba kulikuwa na kanuni ambazo ningezijua zingenilinda.

Kanuni zinazotumiwa na wengi ni zile za kamati ya wahariri wa majarida ya tiba, ICMJE. Ili uwe mwandishi unatakiwa utimize mambo manne: umechangia kwa uzito katika kubuni utafiti, kukusanya data au kuzichambua, umeshiriki kuandika au kurekebisha kwa kina, umeidhinisha toleo la mwisho, na uko tayari kuwajibika kwa kazi hiyo. Ona mtego ulipo. Kukusanya data peke yake hakutoshi. Lakini kanuni hizo hizo zinasema aliyetimiza jambo la kwanza apewe nafasi ya kushiriki katika kuandika na kuidhinisha. Kwa maneno mengine, si halali kukunyima rasimu halafu useme hukuandika. Majarida mengi pia hutumia orodha ya CRediT yenye majukumu 14, ambamo kila mchango hutajwa: nani alibuni, nani alikusanya, nani alichambua. Na tangu 2018 kuna Kanuni za TRUST, zilizoandikwa mahsusi kwa tafiti zinazofanywa na wenye nacho katika sehemu za wasio nacho, zikisimama juu ya haki, heshima, kujali na uaminifu. Zisome, zitaje kwa majina. Mtu akisikia unazijua, mazungumzo hubadilika.

Barua yenyewe iwe fupi na ya adabu. Mimi huandika hivi, kisha naigeuza kwa Kiingereza ikihitajika:

"Profesa, nashukuru kwa kunikaribisha katika kazi hii. Kabla hatujaanza naomba tuandikiane nani atafanya nini, data zitatunzwa wapi, na ni mchango gani utamfanya mtu awe mwandishi wa makala. Mimi ningependa kushiriki katika uchambuzi na kusoma rasimu pamoja na kukusanya data. Nitashukuru pia kuona kibali cha utafiti."

Kibali hicho ni cha NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, chini ya Sheria ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu ya 2013. Mtafiti mgeni hutakiwa awe na taasisi ya Kenya anayoshirikiana nayo. Ijue taasisi hiyo: hapo ndipo mahali pa pili pa kuuliza mambo yakienda kombo. Mgeni njoo mwenyeji apone ni usemi wetu, na mwenyeji anayo haki ya kuuliza amepona nini.

Je, akikataa? Mara nyingi hakatai. Anashangaa tu, halafu anakubali, kwa sababu hakuwahi kuulizwa. Akikataa kabisa nawe unahitaji ujira, fanya kazi kama kibarua, upokee malipo ya kibarua, na usimpe yale maarifa ya ziada bure. Najua ni maneno makali. Nayasema kwa kuwa nimeona gharama yake.

Hatua ya sita: Nyumbani

Nilipopata nafasi ya kwanza ya kulala Kiunga siku tano kuhesabu miche, mama hakusema hapana. Aliendelea kupepeta mchele. Baadaye akauliza, "Na kwenye chombo hicho, wanawake ni wangapi?"

"Ni mimi, mama."

"Basi jibu unalo."

Nilikwenda chumbani nikiamini mama ndiye kikwazo changu. Usiku nikalirudia swali lake, nikaona halikuwa la kupinga sayansi hata kidogo. Lilikuwa swali la usalama, ambalo mkuu wa utafiti alitakiwa awe amelijibu kabla ya kuniita. Asubuhi nikamwandikia mkuu huyo: wanawake watalala wapi, choo kipi, nani mwanamke wa pili, jaketi za kuokolea maisha ni ngapi, nani apigiwe simu kukitokea jambo. Hakuwa na majibu. Kwa sifa yake, alikuja nyumbani kabla ya Alasiri, akakaa dakani, akamweleza mama na ami yangu mpango mzima, na akamwajiri msichana wa pili kutoka Faza. Tulikwenda. Tangu hapo maswali yale matano huyauliza kila mradi, na nikiongoza safari mwenyewe huyajibu kwa maandishi kabla hajauliza mtu. Wavulana nao wamefaidika: kabla ya hapo hata wao walikuwa wakienda bila jaketi.

Kwa hiyo usimfiche mzazi habari za kazi. Mlete mkuu wako nyumbani. Mzee wa kwetu humpa heshima mtu aliyekuja kumwomba ruhusa uso kwa uso kuliko barua yenye muhuri. Mavazi yasiwe kikwazo: buibui halifai matopeni, lakini suruali pana, kanzu fupi ya kitambaa kizito na mtandio uliofungwa nyuma vimenifaa miaka yote bila mtu kulalamika.

Posa ikija katikati ya masomo, zungumza waziwazi kabla ya nikaha. Muulize sheikh unayemwamini jinsi makubaliano kuhusu masomo na kazi yatakavyotamkwa mbele ya walii na mashahidi, yasibaki maneno ya simu ya usiku. Wanaume wengi wema huahidi kwa nia safi na kusahau kwa uchovu wa maisha.

Ukipata mtoto ukiwa kazini, Sheria ya Ajira ya 2007 inakupa likizo ya uzazi ya miezi mitatu kwa mshahara kamili, na baba wiki mbili. Sheria ya Afya ya 2017 inamtaka mwajiri atenge mahali pa kunyonyeshea. Ukiwa na ufadhili wa masomo au ruzuku, soma vipengele vya kuongezewa muda kwa sababu ya uzazi; wafadhili wengi huruhusu, lakini hawatakukumbusha. Ikiwa mwajiri ana wafanyakazi 20 au zaidi, sheria inamtaka awe na sera ya kuzuia unyanyasaji wa kingono. Iombe wiki ya kwanza, siku ambayo huihitaji.

Na ukidhani kudai haya ni kujitia kimbelembele, kumbuka Wangari Maathai. Mwaka 1971 alikuwa mwanamke wa kwanza Afrika Mashariki na Kati kupata shahada ya udaktari, na alipokuwa akifundisha Chuo Kikuu cha Nairobi alidai wahadhiri wanawake wapewe marupurupu sawa na wanaume. Hakusubiri apate kwanza Tuzo ya Nobel. Hiyo ilikuja 2004.

Hatua ya saba: Watu watatu

Unahitaji mtu wa kukufundisha kazi, mtu wa kukufungulia mlango, na mwenzio mnayelingana. Mara chache mtu mmoja huwa wote watatu, na ukimtwika mmoja mizigo yote atakukimbia.

Wa kukufundisha mtafute karibu: Chuo Kikuu cha Pwani kilichoko Kilifi, Taasisi ya Utafiti wa Bahari na Uvuvi (KMFRI) Mombasa, kituo cha utafiti wa afya cha KEMRI-Wellcome kilichoko Kilifi tangu 1989, ambacho hutangaza nafasi za mafunzo kwa wahitimu. Kilifi si mbali na sifa za dunia. Profesa Faith Osier, Mkenya aliyefanya utafiti wa malaria hapo kwa miaka mingi, alikuwa Mwafrika wa kwanza kuwa rais wa muungano wa kimataifa wa vyama vya wanaimunolojia, kuanzia 2019. Wa bahari wana WIOMSA, chama cha sayansi ya bahari ya magharibi mwa Bahari ya Hindi, ambacho ofisi yake iko Zanzibar na ambacho hutoa ruzuku za utafiti. Ofisi ya sayansi ambamo unaweza kumwamkia mtu shikamoo ni neema, itumie. Aliye peke yake kisiwani anaweza kupata mshauri wa uandishi bure kupitia mtandao wa AuthorAID.

Unapomwandikia mtu usiyemjua usimwambie "naomba uwe mshauri wangu". Soma makala yake moja, muulize swali moja ambalo kulijibu kutamchukua dakika kumi. Akijibu, mshukuru, na baada ya mwezi mwambie ulilifanyia nini jibu lake. Watu hupenda kuona maji waliyomwaga yamemea kitu.

Barua ya mapendekezo iombe wiki tatu kabla, kwa mtu aliyekuona ukifanya kazi, hata kama cheo chake ni kidogo. Mtumie wasifukazi, tangazo, na mistari mitano kutoka kwenye lile daftari la Ijumaa. Barua ya mkubwa asiyekujua husomeka kama cheti cha kuhudhuria.

Hatua ya nane: Pesa

Fupi tu. Basari ya kaunti na ya eneo bunge, HELB, kisha ufadhili wa vyuo vyenyewe, kisha wa nje kama DAAD ya Ujerumani na Jumuiya ya Madola. Andika tarehe za kufungwa kwenye kalenda ya ukutani, kila moja ukiirudisha nyuma wiki mbili kwa ajili ya mtandao kukatika na saiba kufungwa.

Usilipe ada ya mtihani wa Kiingereza kabla hujauliza. Vyuo vingi vya Uingereza hukubali alama ya Kiingereza ya KCSE, na barua pepe moja inaweza kukuokolea maelfu ya shilingi. Ada ya maombi pia unaweza kuomba usamehewe. Na kama "ufadhili" unakutaka utume pesa kwanza ili ufunguliwe, huyo ni mwizi. Mzuie kwenye simu.

Makala zinazouzwa, mwandikie mwandishi umwombe nakala. Hutuma kwa furaha. Taasisi yako inaweza pia kujiunga na Research4Life, mpango unaofungua maelfu ya majarida kwa nchi zenye kipato kidogo. Wakati wa kuchapisha, omba msamaha wa ada kabla ya kutuma makala, na jihadhari na majarida yanayokusifu kwa barua pepe na kuahidi kuchapisha ndani ya siku tatu.

Hatua ya tisa: Cheo kikikwepa

Umefanya kazi miaka sita, wenzako wawili wamepanda, wewe uko pale pale. Kwanza omba vigezo vya kupandishwa cheo kwa maandishi. Jipime navyo kwa uaminifu, kigezo kwa kigezo, ukiambatisha ushahidi kutoka kwenye daftari lako. Ukikuta pengo, ni la kushoto, lijaze. Usipokuta, andika barua ukieleza hivyo na uombe jibu la maandishi.

Kwenye taasisi ya umma una silaha zaidi. Ibara ya 232 ya Katiba ya 2010 inataka nafasi sawa za kuajiriwa, kufundishwa na kupandishwa kwa wanaume na wanawake, watu wa makabila yote na watu wenye ulemavu. Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inakuruhusu kuomba taarifa, kama alama zako za mahojiano, na ofisi hutakiwa kujibu ndani ya siku 21. Isipojibu, peleka malalamiko kwa Tume ya Haki ya Utawala. Sikuahidi kwamba utashinda. Nilipofanya hivyo sikupata cheo mwaka ule; nilipata barua yenye sababu, na sababu ile ilikuwa dhaifu kiasi kwamba mwaka uliofuata hawakuweza kuirudia.

Usiende peke yako. Wanne mkiandika barua moja kuhusu mafunzo yasiyolipwa mnasikika kuliko mmoja aliyeandika mara nne, na hakuna atakayeitwa mkorofi.

Hatua ya mwisho: Siku boti itakapokuwa yako

Tarehe 12 Desemba 1970, kutoka jukwaa la San Marco baharini mwa Ngomeni, karibu na Malindi, iliruka setilaiti ya kwanza duniani iliyotengenezwa mahsusi kwa kuchunguza eksirei kutoka angani. Kwa kuwa ilikuwa siku ya sherehe za uhuru wa Kenya, ikaitwa Uhuru. Riccardo Giacconi aliyeongoza kazi hiyo alipata Nobel ya Fizikia mwaka 2002. Kila nikipita njia ya Malindi nalifikiria neno hilo la Kiswahili kule juu, na waliobeba mizigo siku ile, waliopika na walioendesha mashua kutoka ufukweni.

Kwa hiyo andika bajeti yenye malipo ya wasaidizi tangu siku ya kwanza. Tafsiri matokeo kwa Kiswahili uyarudishe kijijini kabla hayajachapishwa. Na majina yaandike yote. Makala yangu ya mwisho ilipokuwa inakwenda kwa mhariri, nilimwendea nahodha wetu nyumbani, kwa sababu kwenye madaftari yangu jina lake lilikuwa limeandikwa kwa namna tatu. Alikuwa anashona wavu. Nikampa penseli na karatasi. Alifuta mikono kwenye kikoi, akaandika polepole, herufi kwa herufi, akaniuliza kama panatosha kuweka na la babake.

Nikamwambia panatosha.